Nimemaliza kwa Ann, nikarudi kwa Kate

Jana usiku nilimaliza Full Disclosure ya Dee Henderson, mwandishi wa riwaya za Kikristo za upelelezi na mapenzi, nikabaki nimekaa na kitabu mapajani. Nilijiandaa kulia, au angalau kukosa usingizi kama mwandishi huyuhuyu alivyonikosesha zamani. Badala yake nikajikuta nawaza kama nimefunga dirisha la jikoni.

Basi leo nimeishusha The Negotiator, riwaya yake ya zamani, kutoka juu ya kabati. Nakala yenyewe imechoka, mgongo umeshikiliwa na selotepu. Nia yangu haikuwa njema sana: nilitaka kuhakikisha kwamba nina haki ya kulalamika.

Riwaya ile ya mwaka 2000 inamtoa Kate O'Malley, kazi yake kuzungumza na watekaji, na kumwingiza benki mbele ya mtu mwenye bomu. Miongoni mwa mateka yumo Dave wa FBI. Ni mwanzo wa kushika roho, lakini si bomu lililonikesha. Kate haamini, Dave anaamini, na wameshaanza kupendana. Sisi tuliokulia kwenye andiko la "Msifungiwe nira pamoja na wasioamini" hatuhitaji kuelezwa zaidi. Kwamba mhalifu atakamatwa, tunajua tangu ukurasa wa kwanza. Riwaya za aina hii haziwezi kumwacha. Kate je? Yeye anaweza kukataa, na hakuna polisi wa kumlazimisha. Tena Jennifer, mdogo wa mwisho katika akina O'Malley, yaani Kate na wenzake, yatima saba walioamua wenyewe kuwa ndugu, anagundulika ana saratani, na huyo ndiye aliyekwisha kuamini. Pambizoni pa ukurasa mmoja nimekuta penseli yangu ya enzi hizo: "Hapa Mungu atajiteteaje?" Nilikuwa na hasira nyingi. Nimejaribu kuufuta mstari ule, nikauacha.

Sasa Full Disclosure, ya mwaka 2012. Paul Falcon wa FBI, Chicago, anamsaka mwanamke anayeua kwa kukodiwa, na Ann Silver, mpelelezi wa mauaji, anamletea fununu ya kulifufua jalada lililolala. Haki yake nimpe: upelelezi umesukwa vizuri kuliko wa zamani, kila uzi unashika unaofuata, na hakuna anayeokolewa kwa bahati tu. Ila Paul na Ann wote wameshaokoka kabla hatujafika. Swali pekee ni kama Ann, aliyeizoea nyumba yake na ukimya wake, atakubali kuolewa. Wanapigiana simu. Wanakula. Wanapigiana tena. Kuna mahali niliruka kurasa tatu, na niliporudi kuzisoma sikuona nilichokuwa nimekikosa.

(Si kwamba Dave na Kate hawana dosari. Mazungumzo yao kuhusu imani wakati mwingine yananukia mimbari, na mapenzi yao yanakimbia kama yamechelewa basi.)

Halafu kuna jambo ambalo jana nililiona kama ujanja tu. Ann ni mwandishi, na vitabu alivyoandika ni hadithi za akina O'Malley. Kate, Marcus, Jennifer, wote. Paul anavisoma ili amfahamu mwanamke asiyependa kujieleza. Leo mchana, vitabu vyote viwili vikiwa wazi mezani, nikamwona Paul kwa jicho jingine: mtu mzima na kazi zake, amekaa na riwaya ya Kate akimtafuta aliyeiandika. Nikacheka peke yangu. Mimi nilikuwa nafanya nini tangu asubuhi?

Bado sijaipenda Full Disclosure. Lakini ukimya wa Ann umeanza kunisumbua. Huenda aliyeyaandika yale ya Kate hakuwa na haja ya kubishana tena, na mimi ndiye niliyerudi nikitaka ugomvi uleule, na penseli mkononi.

Nimefika pale Jennifer anapowaambia wenzake kuhusu ugonjwa. Ann atanisubiri.