Siku moja maishani mwangu: zamu mbili, na mto Clyde katikati

Saa 11 na nusu alfajiri. Alamu inalia ila mi nshaamka kitambo. Mwezi wa 5 huku Scotland jua halina subira, alfajiri yenyewe naisali saa 9 usiku narudi kujilaza kidogo, basi kufika sa hizi chumba kizima cheupe. Nachemsha chai ya tangawizi, navaa yunifomu, natia kwenye begi chapati mbili za jana na buti. Buti sisahau kamwe.

Saa 1 asubuhi. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, hapa Lanark. Kila nyumba dakika 30, kuogesha, dawa, uji wa oats, kutandika, unajaza kwenye simu unatoka unakimbilia nyingine. Naipenda kazi hii jamani, ila dakika 30 kwa mtu ambaye hajaongea na yeyote tangu jana jioni ni kidogo mno na sitaacha kulisema hilo.

Saa 3. Bibi yangu, si wa damu, ni mmoja wa wazee ninaowahudumia. Jina lake nabaki nalo. Amepita 80, miguu imegoma, na ananiita "hen", ndo wanavyomwita binti wanayempenda huku. Alianza kazi akiwa na miaka 15 kule kiwandani New Lanark, kijiji kilichoko bondeni chini ya mji. Kiwanda cha pamba kilichoanza miaka ya 1780 kwa nguvu ya maji ya Clyde, kikafungwa 1968, na sasa kijiji kizima ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001. Enzi zake yeye walikuwa wanatengeneza turubai na nyavu, na aliposema nyavu nilikaa chini, maana mi mtoto wa mvuvi wa Bagamoyo, nyavu nimezishona mapajani mwa baba. Makelele ya mashine yamemwachia sikio moja tu linalosikia vizuri. Kila asubuhi kabla hata ya chai anauliza, "Maji yalikuwaje jana?"

Saa 5. Zamu ya kwanza imeisha, ya pili inaanza saa 10, na hayo masaa matano hapo kati hayalipwi. Mwaka wa kwanza nilikuwa narudi nyumbani nalala, naamka mzito kuliko nilivyolala. Ni bibi aliyeniambia usilale, shuka mtoni.

Basi nashuka. Kwa miguu dakika 25 hivi, barabara inateremka kweli, mara unaona majengo marefu ya mawe yamejipanga kando ya maji. Hapa ndo Robert Owen, aliyekuwa meneja wa kiwanda, aliwafungulia watoto wa wafanyakazi shule mwaka 1816, badala ya kuwaacha wadogo wa chini ya miaka 10 kwenye mashine. Napita majengo, nafika Dundaff Linn, maporomoko madogo kuliko yote, nasimama narekodi sauti kwenye simu kama nilivyozoea. Halafu njia ya mbao inayofuata ukingo, na miti inafunga juu ya kichwa.

Hapo ndo pumzi inarudi. Maji ya Clyde yana rangi ya chai ya rangi kabisa, yanapita kwenye mawe yenye ukoga wa kijani, na pembeni chini ya miti vitunguu saumu vya porini vimetanda hadi huoni udongo, maua meupe kama nyota, harufu inakufuata nusu saa nzima. Leo nimemwona yule ndege wa mtoni, dipper, mdogo mnene, mwili wa kahawia, kifua cheupe, amekaa juu ya jiwe anainama anainuka, anainama anainuka, kisha akatembea akaingia majini mzima mzima, kichwa kikazama! Nikaganda hapo. Akaibukia jiwe la pili na kitu mdomoni, nami ndo nikakumbuka kuvuta pumzi.

Mbele kuna kituo cha umeme cha Bonnington na mabomba yake makubwa, cha tangu 1927. Maji yanachukuliwa kule juu, yanapita bombani, yanarudi mtoni hapa chini, ndo maana siku za ukavu Corra Linn, maporomoko mengine ya hapa, inabaki utepe tu na mi huwa naumia kuiona hivyo, umeme nautumia na mto naupenda, nifanyeje. Ila imenyesha siku tatu mfululizo. Nimepanda ngazi hadi pale pa kutazamia na maporomoko yote mita 26 hivi yalikuwa yanaunguruma, matone yananifikia usoni. Nikakaa nikala chapati zangu. Mto huuhuu huko chini unapita Blantyre alikozaliwa Livingstone, yule ambaye akina Susi na Chuma waliubeba mwili wake mpaka kwetu Bagamoyo. Nawaza hilo karibu kila nikikaa hapa.

Nikamtumia mama ile rekodi. Akajibu, "Mwanangu, hiyo mvua ama?"

Saa 10 hadi saa 12. Nyumba tatu, haraka haraka. Moja lifti mbovu.

Saa 12 na nusu jioni. Bibi tena, chakula na dawa za usiku. Nikamtolea jani moja la kitunguu pori nililolifunga kwenye tishu. Akalisugua kati ya vidole, akanusa, akafumba macho muda mrefu.

"Umelichuma karibu na ngazi," akasema. Na kweli.

Nikawasha rekodi ya Dundaff. Akaichukua simu kwa mikono miwili, akaiweka kwenye lile sikio lake zima, akainua kidole ninyamaze.

"Mengi leo, hen. Mengi sana."