Ngoja Kwanza, Mama

Siku niliyorekodiwa kwa mara ya kwanza kwa ajili ya televisheni nilipewa dakika tano. Ukisikia dakika tano unaona si kitu, lakini nilizichonga kwa miezi, nikitoa neno hapa na neno pale, mpaka zikabaki mifupa mitupu.

Kabla ya hapo nilikuwa nimesomea uigizaji miaka mitatu, jambo ambalo nilishazoea kulificha. Wachekeshaji wenzangu walikuwa na msemo wao juu yangu: "Huyu hachekeshi, anaigiza." Na hawakunionea. Nilikuwa natamka kila silabi kana kwamba kiti cha nyuma kabisa amekalia bibi asiyesikia. Hata mchana ule, kwenye majaribio ya studio, fundi sauti alivua vidude vyake masikioni, akanijia polepole, akagusa ukosi wa shati langu. "Ndugu yangu, maikrofoni iko hapa. Walioko barabarani waache wapite."

Kichekesho cha mwisho ndicho nilichokitegemea. Kilikwenda hivi: baba alinilipia ada miaka yote mitatu, na siku ya onyesho la kumaliza chuo akaja amevaa suti. Mimi nilikuwa nimepewa nafasi ya maiti. Nikalala jukwaani dakika arobaini. Baba akamgeukia jirani yake, akamwambia: "Yule aliyelala ni mwanangu. Nyumbani hufanya hivyohivyo, tena bure."

Nikakisema. Watu wakacheka, si haba. Nikainamisha kichwa kushukuru, na hapohapo sauti ya mwongozaji ikatoka kwenye spika: "Samahani sana, taa ya kushoto imetuzimikia. Tunarudia hicho cha mwisho."

Mwimbaji akirudia wimbo hushangiliwa. Mchekeshaji akirudia kichekesho mbele ya watu walewale huonewa huruma, na sijawahi kumwona mtu akicheka huku anakuhurumia. Nilisimama juu ya alama ya utepe waliyonibandikia sakafuni, nikimtazama kijana akipanda ngazi kubadilisha taa. Watu kwenye viti wakanitazama mimi. Hakuna aliyekohoa.

Ndipo akanijia akilini mwalimu wetu wa chuo, na kile kisa chake alichokuwa hachoki kukisimulia. William Gillette, mwigizaji wa Marekani, alimwigiza Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithini, jukwaani karibu mara 1,300 kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1913 aliwahutubia wasomi juu ya kazi hiyo, akasema shida ya mwigizaji ni kwamba anajua kila kitakachotokea, ilhali mtu anayemwigiza hajui lolote. Kwa hiyo mtu akibisha hodi, usijue ni nani. Mwalimu alitufanyisha zoezi hilo mpaka tukachukia milango. Tulikuwa tunamcheka akigeuka tu.

Taa ikawaka. Taa nyekundu ya kamera nayo ikawaka. Nikajiambia: sijui baba atasema nini.

Nikaanza upya, taratibu, kama mtu anayekumbuka. Nilipofika kwenye suti ya baba niliiona kweli, na vifungo vyake vilivyobana. Nikasema, "Mimi nilikuwa nimepewa nafasi ya maiti..." Mama mmoja wa makamo, safu ya pili, akaangua kicheko. Alishajua kinachokuja, maskini, kikamponyoka. Nikanyamaza. Nikamgeukia.

"Ngoja kwanza, mama. Bado sijafa."

Ukumbi ulipasuka. Mama mwenyewe alijifunika uso kwa mkoba. Kijana wa taa, ambaye hakuwa ameshuka ngazi, ilibidi aishike kwa mikono miwili. Sijawahi kuipata tena kelele ile, na tangu hapo nimeshapanda majukwaa mengi. Iliponyamaza nikamalizia ya baba, wakacheka kwa adabu, tukafunga.

Kipindi kilipotoka nilikitazama nyumbani, nimekaa na baba. Mtazamaji wa nyumbani hakuona tukirudia, kwa hiyo maneno yangu kwa yule mama yasingemwingia akilini. Waliohariri wakayakata. Kicheko, hata hivyo, hawakukitupa. Walikihamisha, wakakibandika baada ya sentensi ya baba. Kazi safi kabisa, huwezi kuona mshono. Ni kipande hichohicho kilichofanya niitwe tena, na mwaka uliofuata nikapewa kipindi changu mwenyewe.

Baba alisikiliza kicheko kile mpaka mwisho, mikono juu ya magoti. Kisha akanigeukia.

"Umeona? Ya kwako yote walikuwa wanatabasamu tu. Walipofika kwangu ndipo wakacheka."

Nikamwambia ni kweli, baba.