Ile moja ya mwisho

Juzi jioni yule wangu wa pili alikua anafanya homuweki ya jiografia mezani, mimi namenya viazi pembeni, akaniuliza mama hivi hii moja niikate? Nikamuuliza moja gani. Akanigeuzia daftari. Mwalimu wao amewapa idadi ya watu wa Ilemela, wilaya yetu hapa Mwanza, sensa ya 2012 ni 343,001 na sensa ya 2022 ni 509,687, watafute wameongezeka wangapi na ni asilimia ngapi. Sasa yeye anaona akiweka 343,000 hesabu inakua nyepesi. "Mtu mmoja tu mama, haibadilishi kitu."

Nikanyamaza mpaka akaniuliza kama nimejikata na kisu.

2012 nilikua bado nafundisha Igombe, hukohuko Ilemela kando ya Ziwa Victoria, na mnakumbuka walimu wengi tulichukuliwa ukarani wa sensa mwaka ule. Semina, kizibao, begi la madodoso, penseli na kifutio, maana wakati ule ni karatasi, vishikwambi vimekuja 2022. Eneo langu lilikua kule kule karibu na mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, vyumba vya wapangaji vimebanana kati ya mawe, unapita na mwenyekiti wa mtaa anakutambulisha mlango kwa mlango. Swali la kwanza kila kaya ni lilelile, nani alilala hapa usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 26 Agosti. Kwenye semina walitukazania sana saa sita usiku. Mtoto aliyezaliwa baada ya saa sita humuandiki. Aliyefariki kabla ya saa sita humuandiki, aliyefariki baada ya hapo unamuandika. Mlinzi, nesi, mvuvi, yani mtu aliyetoka kwake kwenda kazi ya usiku, unamuandika kwao. Aliyelala kambini visiwani anahesabiwa hukohuko kambini. Darasani ilikua rahisi kabisa, tulijibu wote kwa pamoja.

Siku ya kwanza ilipita vizuri. Jumatatu, mlango wa tano au wa sita, nikamkuta mama mmoja amekaa kwenye kigoda nje ya chumba chake. Mama mkwe wake yuko kwenye mkeka anachambua dagaa, mtoto mdogo kama wa miaka minne amelala mapajani kwa bibi. Nikawasalimia, mwangaluka, wakaitika. Yule mama akanipa kigoda chake akahamia kwenye ndoo aliyoigeuza. Nikafungua dodoso nikauliza nani mkuu wa kaya. Akataja jina la mumewe. Umri, 31. Kazi, mvuvi, anavua sangara kwa migonzo, yani kamba ndefu yenye ndoano nyingi. Nikauliza, alilala hapa Jumamosi?

Akasema aliingia ziwani Jumamosi jioni.

Nikasema sawa, huyo tunamuandika, amerudi saa ngapi? Hapo ndo akaniangalia. "Bado, mwalimu."

Ilikua Jumatatu saa nne asubuhi.

Sikuelewa haraka, nikasema labda wamechukua barafu ya kuhifadhia samaki, maana wengine wanakaa siku mbili tatu ndo warudi. Akasema hapana, tajiri wao mwenye mtumbwi hana barafu, wao wanatega jioni wanavuta alfajiri wanarudi, kila siku hivohivo. Wenzao wa mtumbwi wa pili walirudi Jumapili. Na Jumapili alfajiri upepo ulikua mkubwa, hata mimi niliusikia kwenye bati za shule.

Mpaka leo kinachonirudia sio maneno yake, ni alivyokua anasikiliza. Pale kila baada ya muda unasikia mashine ya mtumbwi inakuja kutoka ziwani, na mke wa mvuvi anaijua mashine ya mumewe kwa mlio kama unavyojua sauti ya mwanao uwanjani. Anaongea na mimi, mtoto wa kwanza darasa la tatu, wa pili chekechea, alafu mashine inasikika mbali na yeye anakata sentensi katikati, anainua shingo kidogo. Mama mkwe naye mikono inasimama juu ya dagaa. Wote wawili wanasikiliza, na mimi nasikiliza na penseli mkononi. Mashine inakaribia, inapita, yule mama anashusha pumzi anaendelea palepale alipoachia, wa chekechea, wa kike. Zilipita mashine tatu. Ya tatu alisimama kabisa, akapiga hatua mbili kuelekea kwenye kona ya nyumba, alafu akarudi akakaa kwenye ndoo yake bila kusema neno.

Mimi mstari wa kwanza wa dodoso nilikua nimeshauandika jina. Nikashika kifutio. Naapa sikutaka kukitumia, mkono tu uliogopa, kichwa kinasema saa sita usiku, saa sita usiku. Nilitaka kumwambia nitarudi kesho kutwa nimalizie. Yeye alikiona kile kifutio.

"Usimfute mwalimu. Saa sita wanakua wameshatega, wanalala ndani ya mtumbwi wanasubiri alfajiri. Upepo ulianza saa kumi. Saa sita alikua mzima, amelala. Mtumbwi ni wa hapa. Muandike hapa."

Hakulia. Aliongea taratibu kabisa kama anayenielekeza njia ya kwenda stendi. Na sheria ya semina yote ilikua mle ndani ya maneno yake, kuliko nilivyoielewa mimi niliyekaa darasani kufundishwa. Nikarudisha kifutio kwenye begi. Nikamuandika, mwanaume, 31, mkuu wa kaya, ameoa. Mama mkwe akauliza kwa lugha yao, nikadhani ni swali la mvuvi yuko wapi, kumbe anauliza kama ameandikwa. Mkwewe akamjibu ameandikwa. Bibi akaendelea kuchambua dagaa.

Yaliyofuata ni mafupi. Jumatano nilipita tena nikakuta kufuli, jirani akasema wamevuka kwenda Ukerewe kuulizia kwa ndugu, maana upepo unaweza ukamtupa mtu kisiwani akahifadhiwa hukohuko. Kwa hiyo na hilo linawezekana, kwamba alihesabiwa kambi fulani, akawa mara mbili. Msimamizi wangu nilimwambia yote, akasoma dodoso, akasema liache lilivyo. Baada ya mwaka mpya nikahamishwa Buswelu. Namba za wilaya zilipotoka nikatafuta Ilemela, nikaona 343,001, na jicho likaenda moja kwa moja mwishoni. Najua namba haijengwi hivo, kila mtu ni moja, sio yeye peke yake aliyekaa mwisho. Lakini kwangu imebaki ni yeye.

Nilirudi Igombe mara moja, 2019. Jiwe kubwa lililokua nyuma ya nyumba yao lipo, ila limezungukwa na vyumba vipya kila upande, nikashindwa hata kujua mlango wao ulikua wapi. Nikauliza kwa wapangaji, huyu katoka Geita ana miaka miwili pale, huyu Musoma, huyu Kigoma amekuja juzi kwa kaka yake. Walikua wakarimu wakaniletea kiti, lakini mwaka 2012 hakuna hata mmoja aliyekuwepo. Watu wakiongea ongezeko la Mwanza wanaongelea barabara, maji, madarasa yaliyojaa, na kweli Ilemela na Nyamagana kwa pamoja tumevuka milioni moja na laki moja 2022 kutoka laki saba na kidogo miaka kumi nyuma. Mimi siku ile niliona kingine, kwamba mtaa unaweza kujaa watu mpaka asibaki wa kumuuliza.

Basi binti yangu nikamsimulia yote, viazi vikaachwa kwenye maji. Akauliza kwa hiyo alirudi? Nikamwambia sijui mwanangu. Akaishika penseli akaandika 343,001, akatoa, akapata 166,686, akagawanya, asilimia 48.6.

Alafu akauliza yule mtoto aliyekua amelala kwa bibi. Nikamwambia kama hawakuhama, usiku ule wa sensa ya 2022 alikua na miaka 14 hivi, atakua yumo kwenye ile 509,687. Akaitazama ile namba ya pili muda mrefu, nami nikawasha jiko.