Harufu ya Feri

Juzi nilipita Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, kununua changu. Nilipofika upande wa wakaangaji, ile harufu ya mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki wa kutosha ikanisimamisha. Mwanangu akanivuta mkono: "Mama, mbona umesimama?" Sikuwa na jibu fupi la kumpa. Nilikuwa nimerudi mezani kwa Shangazi, mwaka 2018, karatasi nyeupe kati yetu na simu ikirekodi.

Shangazi ni muuguzi mstaafu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Januari 2017, CIA, shirika la ujasusi la Marekani, walikuwa wameweka kwenye intaneti nyaraka zao zilizoondolewa usiri, zaidi ya kurasa milioni 12, na humo mkawamo mafaili ya Star Gate: mradi wa kupeleleza kwa kutumia watu wanaosema wanaona ya mbali kwa akili tupu. Kazi hiyo ilianza 1972 Stanford Research Institute, Menlo Park, California, chini ya wanafizikia Harold Puthoff na Russell Targ. Baadaye jeshi likawa na kitengo chake Fort Meade, Maryland. Ilifungwa 1995, ikiwa imekula takriban dola milioni 20. Mimi nafundisha takwimu, hivyo nilikesha na mafaili yale nikitafuta jinsi hesabu zilivyofanywa. Shangazi alishika moja tu: Zaire. Jimmy Carter alisimulia mwaka 1995 kwamba akiwa rais wa Marekani ndege ilianguka Zaire na setilaiti zikashindwa kuiona. CIA wakamwendea mwanamke mmoja, bila Carter kujua. Mama huyo akazama katika hali kama ya usingizi, akataja latitudo na longitudo. Kamera zikaelekezwa hapo, ndege ikaonekana.

"Alitaja namba kabisa?" Shangazi akauliza. "Basi nijaribuni na mimi, mwanangu."

Tukafuata utaratibu wa Menlo Park. Kule majina ya sehemu yalifungwa kwenye bahasha, bahasha zikawekwa kwenye kasiki. Mtu mmoja anatoka na bahasha, anaifungua akiwa njiani, anakwenda mahali palipotajwa, umbali usiozidi nusu saa kwa gari. Nusu saa ikitimia, aliyebaki chumbani anaanza kueleza na kuchora kwa dakika 15, mhoji akiwa pembeni. Mhoji hatakiwi kujua ni bahasha ipi, maana akijua, maswali yake yatamwongoza mwenzake. Ukimwambia mtu "hebu angalia juu zaidi," umeshamwambia kuna mnara.

Mimi nilikuwa mhoji. Mwenzangu wa ofisini alirusha dadu, akachukua bahasha yenye namba iliyotoka, akapanda bodaboda. Sehemu zilikuwa sita: Sanamu ya Askari, Mnara wa Saa, Coco Beach, Kariakoo, Daraja la Kigamboni na Feri. Kwa foleni ya Dar nusu saa haitoshi, tukaweka dakika 50. Vikao viwili kwa siku, siku tatu. Shangazi hakuambiwa amepatia au amekosa mpaka vyote viishe, kwa sababu bahasha zinavyopungua, anayejua zilizokwisha toka anaziondoa kichwani na kuchagua katika zilizobaki.

Kikao cha tatu ndicho kilichobaki nami. Nilikuwa nimemfundisha njia ya Ingo Swann, msanii wa New York aliyeandaa mafunzo yaliyotumiwa na askari wa Fort Meade. Kalamu inaacha alama ya haraka karatasini kabla hujafikiri. Halafu unasema alama hiyo inahisi vipi: ngumu, laini, imepanda, imelala. Kisha harufu, joto, rangi. Ukubwa na umbo baadaye. Jina la kitu likikujia mapema unaliandika pembeni kulia, unaweka kalamu chini, unapumua, unaanza tena. Akili ikishashika jina, kuanzia hapo inakusomea kumbukumbu zake, na huwezi tena kutenganisha.

Shangazi akachora mstari uliolala, mfupi, ukingoni umepinda juu kidogo. "Kigumu," akasema. "Cha baridi. Kimelowa." Akanyamaza. "Maji yanachuruzika, yanaelekea upande mmoja." Nikaona mkono wake umebana. "Hospitali. Ni theatre, mwanangu, ile meza." Nikamgusia upande wa kulia wa karatasi. Akaandika *hospitali*, akaweka kalamu. Feni ilikuwa inazunguka na kugonga, na kutoka msikitini adhana ya adhuhuri ikaanza. Tukasubiri mpaka ikaisha. Alipochukua kalamu tena hakuchora. Alikunja pua, kama mtu aliyefungua sufuria. "Mafuta," akasema. "Mafuta yaliyochoka. Yamekaangiwa sana." Kisha: "Hapana, hospitali hakuna mafuta hayo," na akaonekana amekasirika, kama vile mimi ndiye niliyempeleka mahali pasipoeleweka.

Saa moja baadaye mwenzangu akarudi. Sikumuuliza alikotoka, lakini shati lake lilinijibu.

Mwamuzi alikuwa mwalimu mwenzangu. Nilimpa maelezo ya vikao sita yakiwa yamechanganywa, na picha ambazo mwenzangu alipiga kila alikofika. Kazi yake ni kuoanisha. Kwa kubahatisha, wastani ni kupatia moja. Yeye alipatia nne. Mipangilio ya sita kwa sita ni 720, na yenye kupatia nne au zaidi ni 16, yaani mara 1 katika 45. Mikono ilinitetemeka. Nilimpigia Shangazi usiku uleule.

Siku ya pili nikaketi na karatasi zile, na aibu ikanipanda taratibu. Katika maelezo ya kikao cha nne Shangazi alisema "si kama ile ya kwanza jana." Kikao cha tatu mimi mwenyewe, kwa uaminifu wa kuandika kila kitu, niliandika *adhana ya adhuhuri*. Na picha zilikuwa na vivuli: vifupi za mchana, virefu za alasiri. Mwamuzi hakudanganya. Alisoma kilichokuwepo.

Na nilikuwa nimeonywa. Mwaka 1978 wanasaikolojia David Marks na Richard Kammann wa New Zealand walichapisha katika jarida la Nature kosa hilohilo la Menlo Park: maelezo waliyopewa waamuzi yalikuwa na vidokezo, kama kutaja sehemu mbili za jana, au tarehe juu ya ukurasa. Marks alioanisha kwa vidokezo hivyo tu, bila kutia mguu hata sehemu moja. Nilisoma makala ile kabla ya kuanza, nikaipigia mstari, kisha nikarudia kosa lake kwa lugha yangu.

Nikafuta kila neno la muda. Picha nikazibadilisha, zote zikapigwa saa nne asubuhi. Mwamuzi mpya, asiyenijua vizuri. Akapatia moja: Feri.

Moja ndiyo wastani wa kubahatisha. Kihesabu, habari imeishia hapo. Lakini karatasi ya kikao cha tatu siwezi kuitupa, na ninajua kwa nini watu makini walishindwa kuzitupa zao. Mwaka 1974 Pat Price, polisi wa zamani, alipewa namba za ramani za kituo cha siri cha Kisovieti huko Semipalatinsk, akachora winchi kubwa linalotembea kwenye reli. Winchi lilikuwepo kweli. Mengi mengine aliyoyaeleza hayakuwepo. Mchambuzi aliyeshika karatasi ile kabla ya kujua jibu angeamini sentensi ipi? Ya Shangazi ina *hospitali* na ina *mafuta*. Nampa nani karatasi hiyo aniambie afute lipi? Mwaka 1995 mtakwimu Jessica Utts na mwanasaikolojia Ray Hyman walipewa matokeo yaleyale wayapime. Utts akasema kuna kitu, Hyman akasema hakijathibitishwa, na tathmini ikahitimisha kwamba habari hizo hazikuwahi kuongoza operesheni hata moja.

Kuna swali moja nilipaswa kumuuliza Shangazi siku ileile, kabla hata ya chai: wiki hii umekwenda Feri? Ana friji ndogo, samaki ananunua wabichi. Sikumuuliza. Nikimuuliza leo atanijibu bila kusita, na jibu la miaka yote hii nitaliandika wapi? Nimenunua changu wanne. Wawili nimempelekea. Alipofungua mfuko, akakunja pua vilevile.