Doa liko huku, maji yanatoka kule

Msimu wetu wa kwanza wa baridi huku ughaibuni, nilisogeza kabati la mwanangu kutafuta soksi iliyoangukia nyuma. Ukuta ulikuwa umeota madoa meusi, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, na nguo za chini kabatini zilinuka uvundo. Hapo ndipo kikohozi chake cha usiku kiliponitia wasiwasi.

Nilimpigia mwenye nyumba. Akasema tunaanika nguo ndani, tufungue madirisha. Nikanyamaza. Wengi wetu tuliohamia nchi za watu tunaogopa kulalamika, tukidhani tukisema sana tutaambiwa tuhame. Nikafuta ukuta kwa dawa, nikapaka rangi. Baada ya wiki tatu madoa yakarudi.

Nusu ya maneno yake yalikuwa kweli. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi, na ikigusa kitu cha baridi huutua pale pale. Chumba kikiwa na nyuzi joto 20 na unyevu wa asilimia 60, chochote chenye nyuzi 12 kushuka chini kitatoka jasho. Vioo vya madirisha huanza, kisha pembe za kuta za nje, hasa nyuma ya makabati ambako hewa haipiti. Kuvu nayo haisubiri maji yatiririke; unyevu wa asilimia 80 hivi kwenye uso wa ukuta unaitosha.

Lakini ukuta wenye doa kubwa ulikuwa wa ndani, na upande wake wa pili ni bafu. Ukuta wa katikati ya nyumba una joto lile lile la chumba. Jasho litoke wapi?

Fundi mmoja akanifundisha kipimo cha karatasi ya foili. Unakausha uso wa ukuta, unabandika kipande cha foili, unaziba kingo zote nne kwa gundi ya utepe, unakiacha siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa humo ndani. Yakiwa upande uliogusa ukuta, maji yamo ukutani. Nilibandika viwili. Cha pembe ya nje kililowa kwa mbele. Cha ukuta wa bafu kilikuwa kikavu mbele, na nilipokibandua, nyuma yake kulikuwa na matone madogo yaliyojaa kama umande.

Kumbe nyumba moja ilikuwa na magonjwa mawili!

Sasa maji yale yanatoka bomba lipi? Usiku nikafunga mabomba yote, nikaandika namba za mita ya maji, nikazisoma tena alfajiri kabla mtu hajaenda chooni. Hazikusogea hata kidogo. Bomba linaloleta maji lina msukumo saa zote, likitoboka huvuja mchana na usiku na mita haiwezi kuficha. Kwa hiyo ni maji yanayopita tunapooga tu. Nikapiga magoti bafuni na tochi, nikafuata ile silikoni kati ya vigae na sinia la kuogea. Kwenye kona ilikuwa imeachia, ufa mwembamba ambao ukucha uliingia. Tukaacha kuoga pale siku nne, doa likaanza kupauka. Nikamwaga maji kwenye ule ufa, na kesho yake doa likakolea.

Nilimtumia mwenye nyumba picha za foili, za mita na za ufa, kila moja na tarehe yake. Safari hii alileta fundi. Walipong'oa vigae vya chini, ubao uliokuwa nyuma yake ulikuwa laini hata kidole kilizama.

Alitaka rangi ipakwe siku hiyo hiyo. Nilikataa, na ningekataa tena: plasta iliyolowa ikifunikwa inaozea humo humo. Tuliiacha wazi kwa wiki kadhaa, nikiipima kwa foili hadi ikatoka kavu pande zote mbili.

Ile pembe ya nje ilikuwa kosa letu kweli. Kabati sasa liko kiganja kizima mbali na ukuta, na nguo tunaanika bafuni, mlango umefungwa, feni ikivuta hewa nje.