Akila na Prisila walihama na sindano zao

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekwama Matendo 18, ile mistari mitatu ya mwanzo ambayo huwa tunaipita mbio tukimkimbilia Paulo.

Akila ni mzaliwa wa Ponto, kule pwani ya Bahari Nyeusi, Uturuki ya leo. Akaenda mpaka Roma. Alafu mnamo mwaka 49 hivi Kaisari Klaudio akatoa amri Wayahudi watoke Roma, basi, mtu na mkewe Prisila wakafunga virago. Sijui nyie, mimi nikisoma hapo nawaza siku mwenye nyumba alipotupa wiki moja tuhame, mama kitu cha kwanza kupakia ilikuwa cherehani, sufuria zikafuata baadae.

Sasa wakaangukia Korintho, kule Ugiriki, na huo mji wenyewe una historia jamani. Warumi waliuteketeza mwaka 146 KK, wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani, ukakaa gofu kama miaka mia hivi mpaka Julius Kaisari alipoamuru mwaka 44 KK ujengwe upya na kuletwa walowezi, wengi wao watumwa walioachiwa huru. Yaani Akila anafika pale anakuta mji wa wakuja, ukimuuliza mtu babu yako alitoka wapi, wengi wanakutajia mbali. Na Paulo nae akaingia hapohapo akitokea Athene, akakaa kwao kwa sababu kazi yao ni moja, kushona mahema. Hebu waone wamekaa chini, turubai zito mapajani, vidole vina sugu, sindano inapita huku wanaongea habari za Yesu. Mimi naamini mahubiri mengi ya Korintho yalianzia kwenye uzi kabla ya sinagogi.

Na hawakutulia hata hapo. Wakaenda Efeso, kanisa likakutana nyumbani kwao (1 Korintho 16). Baadae Paulo akiwaandikia Warumi anawasalimu wako Roma tena, na kanisa liko nyumbani kwao tena! Klaudio aliwatoa, wakarudi na kanisa sebuleni.

Jumapili iliyopita kuna dada mgeni alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, akaondoka kabla ya matangazo. Hata jina sikumuuliza.