Stroberi za kifuku, msimu wa mvua, hapana kwa kweli
Jamani stroberi ina msimu wake msibishane na mimi. Mwezi wa pili nilinunua kikopo pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, juu zimepangwa nyekunduuu zinavutia, nafika home namwaga kwenye bakuli kumbe za chini zimeota ukungu wa kijivu kama manyoya ya panya, na zile nzima ukitafuna maji matupu, mvua tu hiyo. Sasa hii Julai, baridi la Uyole si mnalijua, nimechuma kwenye ndoo zangu nne za uani, ndogondogo ila tamu mpaka dogo kagoma kumgawia mama yake 😂. Na yule muuzaji eti nyeupe zitaivia nyumbani, wapi bwana, stroberi sio parachichi, ukishaichuma imeishia hapo hapo.